Mazungumzo Marefu ya Wanasayansi: Sikiliza Hivi Ubaki na Kitu

Mazungumzo marefu na mwanasayansi ni darasa la bure. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake kuchunguza ubongo, mashine au sokwe anakaa kitini, anaulizwa, anajibu bila kukimbizwa. Zamani ungelazimika kuwa mwanafunzi wake ili umsikie hivyo. Siku hizi unahitaji simu, bando na mbinu.

Bando utanunua mwenyewe. Mbinu ndizo hizi.

Kwanza ujue unaingia wapi. Kipindi kinachotajwa sana ni cha Lex Fridman, mtafiti wa kompyuta aliyezaliwa Tajikistan, akakulia Moscow, kisha akahamia Marekani. Alianza mwaka 2018 akihoji watu wa akili mnemba, na mgeni wake wa kwanza alikuwa Max Tegmark, mwanafizikia wa chuo cha MIT. Sasa anahoji watu wa kila namna, tena hana haraka. Agosti 2024 alitoa mazungumzo na watu wa Neuralink, kampuni ya vipandikizi vya ubongo, yaliyochukua zaidi ya saa nane. Sean Carroll, naye mwanafizikia, ana kipindi chake kiitwacho Mindscape, kilichoanza mwaka huohuo wa 2018. BBC Radio 4 ina The Life Scientific cha Jim Al-Khalili, kilichoanza 2011, na hicho ni cha nusu saa hivi.

Kama hujazoea vipindi vya aina hii, anza na hicho cha nusu saa. Hizo saa nane ziache kwanza.

Chagua mgeni, usichague kichwa cha habari. Vichwa vya habari hutengenezwa vikuvute. Wewe jiulize: huyu mtu amefanya nini kwa mikono yake? Amepima nini? Amejenga nini? Amekaa porini na nani? Mtu aliyefanya kazi mwenyewe atakupa mifano ambayo huipati kwingine. Aliyesoma tu kazi za wenzake atakupa maoni, na maoni hayahitaji saa zako tatu.

Ukipenda habari za tabia ya binadamu, sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati, maana ushahidi mwingi, hasa wa sokwe na nyani, umetoka kwetu. Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, Julai 1960, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameona sokwe akipukuchua majani ya kijiti ili avulie mchwa. Richard Wrangham alifanya utafiti Gombe akiwa mwanafunzi, kisha tangu 1987 akawachunguza sokwe wa Kibale, Uganda. Robert Sapolsky wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kufuatilia nyani wa Kenya mwaka 1978. Wrangham na Sapolsky wamehojiwa kwa kirefu mara nyingi, na mazungumzo hayo yapo mtandaoni. Anza na mmoja wao. Utasikia mahali unapopajua, na hilo pekee litakuweka macho.

Kabla hujabonyeza

Andika swali moja. Liwe dogo. "Akili ni nini?" ni kubwa mno, litakupoteza njiani. "Programu inayoandika inajuaje neno linalofuata?" linatosha. "Kwa nini sokwe huua wenzao?" linatosha. Ukiwa na swali, masikio yanajua yanatafuta nini.

Tazama alama za muda. Vipindi vingi virefu huorodhesha mada pamoja na dakika zinapoanza. Pitia orodha hiyo kwanza. Weka alama kwenye mada mbili au tatu zinazogusa swali lako, uanze nazo. Hakuna sheria inayokulazimisha kusikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mazungumzo ya saa tatu yana dakika arobaini zako. Zitafute.

Okoa bando. Pakua sauti peke yake, achana na video. Watu wawili waliokaa kwenye viti hawana la kukuonyesha. Hesabu yake ni hii: sauti ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu MB 58 kwa saa. Saa tatu ni MB 173 hivi. Video itakula mara kadhaa ya hapo. Pakua usiku kama una bando la usiku, au mahali penye Wi-Fi, usikilize kesho.

Tafuta maandishi kamili. Baadhi ya vipindi huyaweka wazi bila malipo. Saa tatu za maongezi ni takriban maneno 27,000, na maandishi matupu ya kiasi hicho hayafiki hata KB 200. Kama Kiingereza cha masikioni kinakusumbua lakini cha macho unakiweza, soma kwanza sehemu uliyoichagua, ndipo usikilize. Utashangaa jinsi sauti inavyonyooka.

Msamiati haukwepeki, lakini usikariri kamusi. Chukua maneno matano tu yanayorudiwa, uyaandike juu ya ukurasa kwa lugha yako mwenyewe. Kwenye akili mnemba, neno moja liangalie kwa makini: AGI. Kwa wengi ni mashine inayoweza karibu kila kazi ya kichwa anayoifanya binadamu. Lakini wengine humaanisha mashine inayoweza kazi zenye malipo tu, na wengine humaanisha kitu kinachowapita watu wote kwa akili. Mgeni akilitaja, simamisha. Yeye anamaanisha lipi? Ukikosa jibu, utabiri wake wote wa "AGI itafika lini" hauna kazi kwako.

Kuna jambo moja wengi hulipita, nami nakusihi usilipite: anza na mazungumzo ya zamani. Januari 1952, redio ya BBC iliwakutanisha watu wanne kujadili kama mashine za kukokotoa zinaweza kusemwa kwamba zinafikiri. Alan Turing, mmoja wa waasisi wa sayansi ya kompyuta, alikuwepo. Alikuwepo Max Newman, mwanahisabati, Geoffrey Jefferson, daktari wa upasuaji wa ubongo, na Richard Braithwaite, mwanafalsafa. Maandishi ya mjadala huo yamehifadhiwa. Ni mafupi, na lugha yake ni nyepesi kuliko ya vipindi vingi vya leo. Jefferson anasitasita kuiita mashine yenye fikra. Turing anasema tuache kubishania maana ya kufikiri, tuweke jaribio: kiulizwe kitu kisichoonekana, na majibu yake yaamue. Ukishasoma hayo, utawatambua Jefferson na Turing ndani ya kila kipindi cha mwaka huu. Hoja nyingi unazodhani ni mpya zilikwishakaa mezani tangu wakati huo, na utaokoa muda mwingi ukizijua mapema.

Kalamu mkononi

Gawa usikilizaji mara mbili. Kuna wa safarini na wa mezani. Safarini, kwenye daladala au ukipiga pasi, sikiliza hadithi za maisha: alikulia wapi, aliingiaje kwenye utafiti, alikwama wapi. Hoja zenyewe zisikilize umekaa, kalamu mkononi. Ukichanganya, utabaki na hadithi na hoja zitakuponyoka.

Vipande vya dakika 25 hadi 40 vinatosha. Ukiona umerudi nyuma mara tatu kwenye sentensi ileile, umechoka. Zima.

Kasi nayo ni yako. Wapo wanaojivunia kusikiliza kwa kasi ya moja na nusu. Waache. Kwa mgeni anayevuta maneno, ongeza. Kwa anayemwaga maneno kwa lafudhi ngeni, punguza hadi 0.8, uelewe.

Sasa mbinu kubwa kuliko zote. Chora mstari pembeni mwa ukurasa, na kila dai unaloandika lipe herufi moja. P ni kilichopimwa. D ni dhana, yaani maelezo ya kwa nini jambo liko hivyo. U ni utabiri. Herufi tatu tu. Mgeni mwenye sifa kubwa huongea yote matatu kwa sauti ileile, na hapo ndipo msikilizaji hubebwa.

Angalia mfano. Sapolsky husimulia habari za kundi moja la nyani katika eneo la Maasai Mara. Karibu na makazi yao kulikuwa na hoteli ya watalii, na hoteli ilikuwa na jalala. Madume wakorofi wa kundi hilo walikuwa wakienda jalalani asubuhi kugombea mabaki na nyani wa kundi jirani. Katikati ya miaka ya 1980, nyama iliyotupwa pale ilikuwa na kifua kikuu cha ng'ombe. Wakafa. Wakabaki majike, watoto, na madume wapole ambao hawakuthubutu kwenda kugombana.

Kundi likatulia. Wakubwa hawakuwaonea tena wadogo kama zamani, na nyani walikaa karibu zaidi wakichambuana manyoya. Sasa, nyani dume akibalehe huhama kundi alikozaliwa. Kwa hiyo kufikia 1993 hakukuwa na hata dume mmoja wa zamani aliyebaki. Wote walikuwa wageni kutoka makundi mengine. Na utulivu ulikuwa bado upo. Sapolsky na mwenzake Lisa Share walichapisha matokeo hayo mwaka 2004.

Kisa kitamu. Sasa tia herufi. Kwamba vifo vilitokea na ugomvi ukapungua: P, maana waliwafuatilia na kuhesabu. Kwamba wageni walijifunza upole kutokana na jinsi majike walivyowapokea: D. Ni dhana nzuri, ina sababu, lakini haijapimwa kama ile ya kwanza. Na mtu akisema kisa hiki kinaonyesha binadamu nao wanaweza kubadili ukali wao kwa kizazi kimoja, hiyo ni D kubwa zaidi, kwa sababu ushahidi wake ni kundi moja la nyani. Mimi naiamini kidogo hoja hiyo. Lakini naujua uzito wake, na wewe uujue.

Kwenye teknolojia, P ni rahisi kuziona. Machi 2016, jijini Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol michezo minne kwa mmoja katika mchezo wa Go. Hilo lilitokea, watu walitazama. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walipata Nobel ya Kemia, wakiigawana na David Baker, kwa sababu programu yao ya AlphaFold hubashiri maumbo ya protini. Hilo nalo limepimwa maabara.

U ndizo hatari. Kila ukiandika U, andika na mwaka aliotaja. Kama hakutaja mwaka, andika "hakutaja." Utabiri usio na tarehe haumgharimu anayeutoa, basi usikugharimu na wewe.

Historia inakupa sababu. Mwaka 1957 Herbert Simon, mmoja wa waasisi wa akili mnemba, alisema kompyuta itakuwa bingwa wa dunia wa sataranji ndani ya miaka kumi. Kompyuta ya IBM iitwayo Deep Blue ilimshinda bingwa huyo wa dunia, Garry Kasparov, Mei 1997. Miaka arobaini. Mwaka 1965 Simon huyohuyo aliandika kwamba ndani ya miaka 20 mashine zitaweza kazi yoyote anayoiweza binadamu. Mwaka 1985 ulipita. Na mwaka 2016 Geoffrey Hinton, ambaye baadaye alipata Nobel ya Fizikia ya 2024, alishauri watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei na skani, kwa kuwa ndani ya miaka mitano mashine zitawapita. Miaka mitano ikaisha, na madaktari hao bado wanatafutwa.

Simon na Hinton walikuwa vichwa kwelikweli. Waliona mwelekeo mapema kuliko wengine wote. Tarehe ndizo ziliwashinda. Kwa hiyo kama kijana wako anataka kusomea radiolojia na wewe umesikia kipindi kikisema kazi hiyo imekwisha, usimkatishe tamaa kwa sababu ya U ya mtu mmoja.

Namba nazo zikague. Chagua moja tu kwa kila kipindi, ile iliyokushangaza zaidi. Mfano, utasikia mara nyingi kwamba ubongo wa mtu una seli za neva bilioni 100. Mwaka 2009 Suzana Herculano-Houzel wa Brazili na wenzake walichapisha hesabu yao. Waliuyeyusha ubongo ukawa kimiminika, wakahesabu viini vya seli katika sampuli, wakapata takriban bilioni 86. Namba ya zamani ilikuwa imerudiwa tu, kitabu hadi kitabu. Kukagua jambo kama hilo hakuchukui hata dakika kumi, na kunakuzoesha kutomeza.

Andika pia, pembeni mwa jina la mgeni, anauza nini. Sam Altman akiongea kuhusu mustakabali wa akili mnemba, anaongea mkuu wa OpenAI, kampuni ya ChatGPT. Hassabis ni mwanasayansi wa Nobel, na papo hapo ni mkuu wa Google DeepMind. Mwandishi naye ana kitabu kipya. Hakuna ubaya katika hayo, na wala usimkatae mtu kwa sababu ana kampuni. Pima tu. Dai linaloinua thamani ya kampuni yake lidai ushahidi zaidi kuliko dai linalomgharimu.

Mtazame na mwenye kipindi. Wapo wanaobana na wapo wanaoachia. Fridman huachia. Humpa mgeni nafasi ndefu, huuliza kwa upole, na mara nyingi hapigi msumari pale ambapo wewe ungepiga. Upole huo una faida: watu hufunguka, husema mambo wasiyoyasema kwenye mahojiano ya dakika tano. Lakini kazi ya kubana inakuangukia wewe. Ukisikia mahali ambapo ungeuliza "umejuaje?", simamisha, andika swali hilo na dakika yake. Mwisho wa kipindi utakuwa na orodha ya maswali ambayo hayakuulizwa. Hiyo orodha mara nyingi ina thamani zaidi kuliko majibu.

Na msikilize kwa makini mtu anaporudi nyuma. Daniel Kahneman, aliyepata Nobel ya Uchumi mwaka 2002, aliandika kitabu kilichosomwa dunia nzima kuhusu fikra za haraka na za polepole. Sura moja ilitegemea majaribio ya kisaikolojia ambayo baadaye watafiti wengine waliyarudia wakashindwa kupata matokeo yaleyale. Mwaka 2017 Kahneman alikiri hadharani kwamba aliziamini mno tafiti zenye sampuli ndogo. Mtu wa namna hiyo muongezee alama. Asiyewahi kurudi nyuma katika saa tatu nzima, mpunguzie.

Watafute wanaopingana

Usimsikilize mtu mmoja juu ya jambo kubwa. Wasikilize wawili wanaobishana, tena walio sawa kwa elimu.

Akili mnemba imekupa mfano wa wazi. Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun walipewa pamoja Tuzo ya Turing ya mwaka 2018 kwa kazi yao ya kuzifundisha mashine kupitia mitandao ya neva bandia. Msingi mmoja, tuzo moja. Kisha wakaachana njia. Mei 2023 Hinton alitangaza kuondoka Google ili aweze kuzungumzia hatari kwa uhuru. Bengio, Machi mwaka huohuo, alitia saini barua ya kutaka mafunzo ya mifumo mikubwa yasimamishwe kwa miezi sita. LeCun, aliyefanya kazi Meta kwa miaka mingi, anasema hofu hiyo imepita kiasi, kwa sababu programu za lugha hazijui jinsi dunia inavyokwenda, na zitabaki hivyo hadi ujengwe mfumo wa aina nyingine.

Fanya hivi. Chukua swali moja: je, mashine hizi zinaelewa zinachosema? Tafuta dakika 20 za Hinton juu ya hilo, na dakika 20 za LeCun. Mwandikie kila mmoja sentensi mbili, kwa haki, kiasi kwamba mwenyewe akizisoma atasema ndivyo. Halafu jiulize wanagombania nini hasa. Wakati mwingine ni ukweli: mmoja anasema jambo lipo, mwingine anasema halipo. Wakati mwingine ukweli wanakubaliana, ila mmoja anaogopa zaidi. Hiyo ya pili hakuna jaribio litakaloimaliza. Ukijua ni ipi, hutapoteza jioni nzima kubishana kijiweni juu ya jambo lisilo na jibu la maabara.

Kisha muulizie ambaye hayupo. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi jijini Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha na kuyawekea alama, ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Katika mazungumzo marefu juu ya mustakabali wa akili, watu hao hawaitwi kitini. Ndio waliosoma maandishi hayo kwa macho yao, na wanajua yalivyo. Kila ukimaliza kipindi, andika sentensi moja: hapa alipaswa kuwepo nani? Nalisema hili kwa dhati. Tukisikiliza bila kuuliza hivyo, tunakubali kwamba sisi ni wa kusimuliwa tu.

Ukimaliza

Msimulie mtu siku hiyohiyo, kwa Kiswahili. Usisubiri kesho. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili WhatsApp unatosha. Kitu kama hiki:

"Sikia dada, kuna mtafiti alikuwa anafuatilia nyani kule Mara. Yale madume makali yakafa kwa kula nyama mbovu jalalani. Kundi likawa tulivu. Ajabu yake, miaka kama kumi mbele madume yote yalikuwa mageni na utulivu ulikuwa bado upo. Yeye anadhani majike ndio waliowapokea vizuri wageni. Ila ni kundi moja tu. Wewe unaonaje?"

Angalia kilichofanyika hapo. Kisa kipo, dhana imetajwa kuwa dhana, mpaka wa ushahidi umesemwa, na mwisho kuna swali. Ukikwama katikati ya ujumbe, umegundua usichokielewa. Rudi kwenye dakika hiyo tu, sikiliza, rekodi upya.

Na akikujibu "Imewahi kuonekana kwingine?", shukuru. Hilo ndilo swali la wiki ijayo.

Ukipata watu watatu au wanne, anzisheni baraza. Kipande cha dakika 20, kila mtu asikilize kabla ya kuja. Mmoja aeleze, mmoja apinge hata kama anakubali, wengine waulize. Saa moja, mmemaliza. Msiruhusu mtu kusema "wataalamu wanasema" bila kutaja mtaalamu gani na alijuaje.

Halafu hamia upande wa pili wa meza. Karibu nawe kuna mtafiti wa mbegu, daktari wa afya ya akili, mhadhiri wa kompyuta anayefundisha mashine kusikia Kiswahili. Watu hawa wana miaka ya kazi kichwani, na wengi wao hawajawahi kuulizwa kwa saa moja nzima.

Jiandae kidogo. Soma jambo moja aliloliandika, hata kurasa tano. Njoo na maswali machache: Ulijuaje? Nini kilikushangaza? Nani anakupinga, na hoja yake nzuri ni ipi? Ungeona nini ukabadili msimamo? Akimaliza kujibu, nyamaza kidogo kabla ya kuuliza tena. Mara nyingi jibu zuri huja baada ya kimya hicho.

Rekodi kwa simu, chumba chenye mapazia na kapeti, feni imezimwa, simu karibu na mdomo wake kuliko wako. Mwombe ruhusa kabla ya kubonyeza, na mwambie utaipeleka wapi sauti hiyo.

Muulize kwa Kiswahili, ajibu kwa Kiswahili. Istilahi zikigoma aziache kama zilivyo, mradi aeleze. Mpigie simu wiki hii.